Faini haiondoi kifusi bondeni

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu, ukapita katikati ya makazi na viwanda vya Dar es Salaam, kisha ukaingia baharini penye daraja la Selander. Kabla ya kufika huko hutandaa Jangwani, bonde pana ambalo tangu zamani limekuwa likiyapokea maji ya masika, kuyatuliza na kuyaachia polepole. Hiyo ndiyo kazi ya ardhioevu: hunyonya kama dodoki, huchuja tope, na huupa mto nafasi ya kutanuka bila kudhuru mtu.

Nafasi hiyo ikijazwa kifusi, maji hayapotei. Huhamia nyumbani kwa jirani. Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 katika jiji hili, na familia nyingi zikahamishiwa Mabwepande. Karakana ya mabasi yaendayo haraka, iliyojengwa papo hapo Jangwani, nayo imeingiliwa na maji mara kadhaa na mabasi yakaharibika. Mwaka 2022 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 200 kwa mradi wa kuliendeleza Bonde la Msimbazi, na miongoni mwa kazi zake ni kuihamisha karakana hiyo. Mwenye akili huona hapo tofauti ya gharama baina ya kuliheshimu bonde mapema na kulirudia baada ya kulijenga.

Vibali si karatasi za kabatini

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa, bwawa au bahari. Mradi mkubwa hauna budi kufanyiwa tathmini ya athari kwa mazingira na kupata cheti kabla ya kuanza. Kwa upande wa maji, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inataka kibali cha kutumia maji, yakiwemo ya kisima kirefu, na kibali kingine cha kutiririsha majitaka. Kwa jiji hili mlango wa kubisha hodi ni Bodi ya Maji ya Bonde la Wami/Ruvu.

Aghalabu ukiukaji hauanzi kwa makusudi makubwa. Mvua inakaribia, mkandarasi anaharakisha. Dereva wa lori anamwaga udongo mahali palipo karibu. Shimo la msingi linajaa maji, yanavutwa kwa pampu na kuelekezwa mtoni pamoja na tope. Maji yaliyooshea mashine ya zege, ambayo ni makali na huua samaki, yanafuata mfereji uleule. Barabara inasogezwa kidogo kutoka kwenye mchoro ulioidhinishwa, na cheti kinabaki kikieleza mradi mwingine kabisa.

Namna ya kusuluhisha

Hatua ya kwanza ni kusimamisha kazi katika sehemu yenye kosa, si kuiharakisha ili ikamilike kabla mkaguzi hajafika. Ya pili ni kupima: kifusi ni kiasi gani, kimefunika eneo gani, maji yametoka wapi na kwenda wapi. Ya tatu ni kuzijulisha mamlaka kwa maandishi. Mabadiliko ya mradi huombewa marekebisho ya cheti, wala hayahalalishwi kwa ukimya.

Ya nne ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni kurejesha. Sheria ya 2004 inaruhusu kutolewa amri ya kurejesha mazingira, ambayo yaweza kumtaka mkosaji aondoe taka, arudishe udongo, apande miti na kulipa fidia. Hapa ndipo tunapoona kasoro ya mazoea yetu: kosa likilipiwa faini huhesabiwa limekwisha. Faini huingia katika mfuko, lakini kifusi hubaki bondeni, na masika ijayo haitaomba kuonyeshwa stakabadhi.

Tena mwenye mradi akiwa ni jiji lenyewe, faini hiyo hutoka katika kodi za wananchi, wakiwemo wale waliofurikiwa. Kwa hiyo ni wajibu mkataba utamke tangu mwanzo ni nani atakayeondoa kifusi kwa gharama yake, na fedha fulani za mkandarasi zizuiliwe mpaka bonde likaguliwe baada ya mvua.

Wajibu wa jirani

Mkazi anayeona malori yakimwaga udongo mtoni aandike tarehe, saa na mahali, apige picha, kisha apeleke barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na nakala kwa mamlaka za mazingira na za maji. Abaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Malalamiko ya barazani husahauliwa; barua yenye muhuri hudai jibu.

Wala sisi tunaosimamia misikiti na madrasa tusijione tuko nje ya hesabu hii. Kiwanja kilichotolewa wakfu kando ya mto bado kina mita zake 60, na kisima kirefu cha udhu bado kinahitaji kibali. Nia njema ya mtoaji haiyazuii maji kumfikia jirani aliye chini ya mteremko. Kamati inayotaka kujenga bondeni ianze kwa kuuliza ni nani anayeishi upande wa chini, na maji yake yatapita wapi tukishamaliza.