Nani Aliyeamua?

Katika somo la sarufi tunawafundisha wanafunzi wetu kwamba kauli ya kutendwa huweza kumficha mtenda. Mtu husema "mbuzi amechinjwa" na asimtaje mchinjaji. Katika sarufi jambo hilo si kosa. Katika utawala, hata hivyo, huweza kuwa janga.

Hayo yalinidhihirikia asubuhi moja Luanda Kotieno, katika kaunti ya Siaya, nilipokuwa nikingoja feri ya kuvukia Mbita. Ukutani mwa kibanda palibandikwa tangazo la afisi moja ya umma, lote kwa Kiingereza. Mama mmoja muuza omena, labda kwa kuyaona madaftari yangu, alitua karai lake akaniambia, "Mwalimu, hebu tusomee. Hapo wamesema nini?" Nikamfasiria: imeamuliwa kwamba ushuru wa soko upandishwe, wenye maoni wayawasilishe kwa maandishi. Siku ya mwisho ya kuyapokea ilikuwa imepita. Akauliza tena, "Ni nani aliyeamua?" Nikalipitia tangazo mara ya pili. Mtenda hakuwamo.

Swali la mama huyo ndilo swali kongwe la falsafa ya siasa. John Locke alilishughulikia mwaka 1689, akashikilia kwamba serikali halali hutokana na ridhaa ya watawaliwa. Mwaka 1762 Jean-Jacques Rousseau alikwenda mbali zaidi, akadai kwamba enzi ya umma haiwezi kukabidhiwa wawakilishi. Wanafunzi wetu huyakariri majina hayo, wakadhani kwamba fikra hizo ziliingia kwetu kwa meli.

La hasha! Tarehe 23 Desemba 1921, huko Lundha katika Gem, Siaya hii hii, watu walikusanyika kulalamikia kipande, kodi, kazi za lazima na hatua ya mwaka 1920 ya kuifanya Kenya koloni, hatua ambayo wao hawakuulizwa. Miongoni mwa viongozi wao walikuwamo Jonathan Okwiri, Benjamin Owuor na Simeon Nyende, wasomi wa shule ya misheni ya Maseno. Chama chao kiliitwa Young Kavirondo Association, lakini watu walikijua kwa maneno mawili ya Kijaluo: Piny Owacho, yaani "nchi imesema".

Tuyatazame maneno hayo kwa jicho la isimu. Kauli ni ya kutenda, na kiima chake ni nchi. Amri za koloni zilimjia Mwafrika bila yeye kuulizwa; hapa yeye ndiye asemaye. Mwaka 1922 Gavana Edward Northey alilazimika kwenda Nyahera, karibu na Kisumu, kuwasikiliza. Hadhi ya koloni haikufutwa, lakini nchi ilikuwa imekwisha kusema.

Katiba iliyozinduliwa tarehe 27 Agosti 2010 imelirejesha wazo hilo. Kifungu cha 1 chasema kwamba mamlaka yote kuu ni ya watu wa Kenya. Kifungu cha 10 chautaja ushiriki wa wananchi kuwa miongoni mwa maadili ya taifa. Tarehe 31 Machi 2022, katika kesi ya mpango wa BBI, Mahakama ya Juu iliamua kwamba Rais hawezi kuanzisha marekebisho ya Katiba kwa njia waliyotengewa wananchi. Kwa maneno mengine, majaji waliuliza swali la muuza omena: ni nani hasa aliyeanzisha?

Hata hivyo, Katiba hiyo hiyo, inayokiita Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi, yasema katika kifungu cha 259 kwamba matoleo ya lugha mbalimbali yakihitilafiana, la Kiingereza ndilo litakalofuatwa. Mwenye enzi, basi, huenda akalazimika kutafuta mkalimani ili aijue amri yake mwenyewe.

Wapo watakaosema kwamba serikali haiwezi kumngoja kila mchuuzi ndipo itoze ushuru. Ni kweli, kushirikishwa si kutimiziwa kila utakalo. Lakini asiyeelewa hawezi kukubali wala kukataa, na ridhaa ya asiyeelewa si ridhaa. Ni kimya tu, na kimya hakihalalishi sheria.

Ndugu walimu, hapa tuna kazi. Mwanafunzi ajuaye kugeuza "imeamuliwa" iwe "fulani ameamua" amejifunza zaidi ya sarufi. Mpeni tangazo la umma alifasiri kwa lugha ya nyumbani kwao, kisha amsomee mzazi wake. Pale mtenda asipoonekana, na amtafute.

Feri ilipofika nilipanda, na mama yule akaendelea kuuza omena zake. Swali lake sikulijibu. Haikuwa juu yangu kulijibu. Ilikuwa juu ya walioandika tangazo lile.