Karnataka: Jimbo la mahekalu ya kale na maporomoko yaliyotiwa lijamu

WAKENYA wengi wanaofunga safari kwenda Bengaluru, kusini mwa India, hawaendi kutalii. Kuna wanaopeleka wagonjwa hospitalini, wanaofuata masomo ya chuo kikuu, na wanaotafuta bidhaa za kuja kuuza. Shughuli zikimalizika, hupanda ndege na kurejea nyumbani wakiwa wameona wodi, vyumba vya wageni na msongamano wa magari tu.

Hata hivyo, mji huo ni lango la Karnataka, jimbo lenye hazina ambazo ni haba kupatikana pamoja mahali pamoja: maporomoko marefu ya maji yanayotiririka kutoka misitu ya milimani, na mahekalu ya mawe ambayo baadhi yake yamesimama kwa zaidi ya miaka 1,400. Aidha, ni jimbo linalomfunza mgeni somo zito kuhusu gharama ya kutunza hazina za namna hiyo, kwa kuwa watu wanaoishi kando yake nao wana haja zao.

Karnataka iko kusini-magharibi mwa India na ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 192,000. Sensa ya mwaka wa 2011 ilionyesha kuwa ina wakazi wapatao milioni 61, wengi wao wakizungumza Kikannada. Jimbo hilo liliundwa Novemba 1, 1956 likiitwa Mysore, na mwaka wa 1973 likapewa jina linalotumika hadi leo.

Kusi yabeba mvua

Ili msomaji aelewe chanzo cha maporomoko ya Karnataka, yafaa aanzie Pwani ya Afrika Mashariki. Upepo wa kusi, ambao mabaharia wetu waliutegemea tangu jadi kuvukisha majahazi, huvuma kando ya pwani yetu, ukapinda baada ya kuvuka ikweta na kukatiza Bahari ya Uarabuni huku ukizoa unyevu. Mnamo Juni hufika India na kugonga safu ya milima ya Sahyadri iliyoambaa na pwani ya magharibi. Hewa hiyo inapolazimika kupanda milima, hupoa na kumwaga mvua kubwa, na mito ya huko hufurika ghafla.

Mmoja wa mito hiyo ni Sharavathi. Katika wilaya ya Shivamogga, mto huo hufika ukingoni mwa jabali na kuanguka mita 253 hadi bondeni. Hayo ndiyo maporomoko ya Jog, ambayo ni miongoni mwa yale marefu zaidi nchini India. Maji yake hugawika katika mikondo minne. Wa kwanza huitwa Raja, yaani Mfalme, nao huteremka wima kwa utulivu wa kifalme. Mwingine ni Rani, yaani Malkia, unaopinda-pinda juu ya mwamba kama mchezaji ngoma. Miwili iliyosalia ilipewa majina ya Kiingereza: mmoja Mngurumaji, kwa sababu ya kishindo chake, na mwingine Roketi, kwa jinsi unavyofyatua maji kwa kasi.

Lakini mgeni anayefika Machi au Aprili hupigwa na butwaa. Badala ya kishindo hukuta jabali kavu lenye vijito vyembamba mithili ya nyuzi. Sababu si ukame pekee. Kilomita chache juu ya maporomoko kuna bwawa la Linganamakki lililokamilishwa mwaka wa 1964. Maji ya Sharavathi huhifadhiwa humo, kisha hupitishwa katika mifereji na mabomba hadi kwenye mitambo ya umeme. Kituo kikuu cha mto huo kina uwezo wa kuzalisha zaidi ya megawati 1,000. Kwa hivyo maporomoko hupata maji mengi pale tu mvua inaponyesha kwa wingi, hasa bwawa linapojaa na milango yake kufunguliwa. Msimu mzuri wa kuyatazama ni kati ya Julai na Oktoba, ijapokuwa ukungu wa wakati huo huweza kuyafunika kwa saa nzima na kuyafichua kwa dakika chache tu.

Taa na waliobaki gizani

Umeme huo umewasha viwanda na nyumba kote jimboni. Hata hivyo, waliougharimia zaidi si wale wanaoufaidi zaidi. Bwawa lilipojengwa, vijiji na mashamba yalizama, na maelfu ya familia yalihamishiwa kwingine. Zaidi ya miaka 60 baadaye, wengi wa wazao wao wangali wanadai hati za kumiliki ardhi waliyopewa, kwani sehemu kubwa ya ardhi hiyo huhesabiwa kisheria kuwa msitu.

Katika miaka ya karibuni mjadala umefufuka upya kutokana na mpango wa kujenga mradi mwingine wa megawati 2,000 katika bonde hilo hilo. Mradi wa aina hiyo hutumia mabwawa mawili, moja juu na jingine chini. Umeme unapokuwa mwingi na matumizi yakiwa madogo, maji husukumwa na pampu kupanda bwawa la juu. Matumizi yanapoongezeka, hufunguliwa yateremke na kuzungusha mitambo. Wanaouunga mkono husema ni njia ya kuhifadhi nguvu za jua na upepo. Wanaoupinga hukumbusha kwamba bonde la Sharavathi ni makao ya tumbili adimu mwenye mkia unaofanana na wa simba, ambaye haishi porini kwingine kokote duniani ila katika milima hiyo, na kwamba misitu ikikatwa huko mteremko huporomoka.

Ndoa hii ya maporomoko na umeme haikuanzia Jog. Huko Shivanasamudra, mto Kaveri hugawika kuzunguka kisiwa na kuanguka mara mbili, katika maporomoko ya Gaganachukki na Bharachukki. Mwaka wa 1902 kituo cha umeme kilizinduliwa hapo, kikiwa miongoni mwa vya kwanza barani Asia, ili kuendesha migodi ya dhahabu ya Kolar. Miaka mitatu baadaye, umeme huo uliwasha taa za barabarani mjini Bengaluru. Maji ya Kaveri nayo yamezua mvutano wa miaka mingi kati ya Karnataka na jimbo jirani la Tamil Nadu, hata Mahakama ya Juu ya India ikalazimika kutoa uamuzi kuhusu mgao wake mwaka wa 2018.

Anayesafiri kaskazini zaidi, katika misitu ya wilaya ya Uttara Kannada, huyakuta maporomoko ya Unchalli, Magod na Sathodi. Karibu na mji wa Yellapur, mgeni kutoka kwetu huenda akasimama na kujiuliza maswali, kwani atakutana na watu wenye sura za Kiafrika wakizungumza Kikannada na Kikonkani. Hao ni Wasiddi, wazao wa Waafrika ambao wengi wao waliletwa na Wareno kupitia Goa wakiwa watumwa, kisha baadhi yao wakatorokea misituni. Miongoni mwao wamo Wahindu, Waislamu na Wakristo. Mwaka wa 2003 walitambuliwa rasmi kuwa mojawapo ya makabila yanayostahili kulindwa kisheria, na mwaka wa 2020 Msiddi wa kwanza aliteuliwa kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria la jimbo hilo.

Mawe yanayosimulia

Tukiyaacha maji na kugeukia mawe, historia hurudi nyuma hadi karne ya 6. Wakati huo wafalme wa ukoo wa Chalukya waliifanya Badami kuwa mji mkuu wao. Mafundi wao hawakujenga hekalu kwa kupanga mawe, bali walilichimba ndani ya jabali jekundu. Mapango manne yalichongwa, na maandishi katika pango la tatu yanaonyesha mwaka wa 578. Katika pango la kwanza, mungu Shiva anaonekana akicheza ngoma akiwa na mikono 18. La nne ni la waumini wa dini ya Jaini, ishara kwamba imani mbalimbali zilikaa bega kwa bega.

Katika vijiji jirani vya Aihole na Pattadakal, mafundi waliendelea kujaribu mitindo. Aihole ina mahekalu zaidi ya 100 yenye maumbo tofauti, kana kwamba palikuwa shule ya ujenzi. Pattadakal huvutia kwa kuwa minara ya mtindo wa kaskazini mwa India na ile ya mtindo wa kusini imesimama katika uwanja mmoja. Hekalu kubwa zaidi hapo lilijengwa katika karne ya 8 kwa amri ya Malkia Lokamahadevi, ili kuadhimisha ushindi wa mumewe, Vikramaditya wa Pili, dhidi ya wafalme wa Pallava. Mahali hapo paliorodheshwa na UNESCO kuwa Turathi ya Dunia mwaka wa 1987.

Miaka mia kadhaa baadaye, ukoo wa Hoysala ulijenga mahekalu ya Belur na Halebidu katika karne ya 12, na lile la Somanathapura katika karne ya 13. Siri ya urembo wake imo katika jiwe lenyewe. Ni jiwe la sabuni, jamii ya lile ambalo Wakenya hulijua kwa vinyago vya Kisii. Likitoka machimboni huwa laini na hukubali kuchongwa, kisha huwa gumu kadiri linavyokaa hewani. Ndiyo maana mafundi waliweza kuchonga hata shanga za shingoni na mikunjo ya nguo. Jambo la kupendeza zaidi ni kwamba baadhi yao walichora majina yao chini ya sanamu, desturi iliyokuwa nadra katika India ya kale. Mahekalu hayo matatu yaliingia katika orodha ya UNESCO mwaka wa 2023.

Hampi, mji ulioporwa

Kileleni mwa yote ni Hampi, kando ya mto Tungabhadra. Hapa ndipo palipokuwa mji mkuu wa dola ya Vijayanagara, iliyoasisiwa mwaka wa 1336. Mjumbe Abdur Razzak kutoka Uajemi aliutembelea mwaka wa 1443, na Mreno Domingo Paes akafika katika enzi ya Mfalme Krishnadevaraya, aliyetawala kuanzia 1509 hadi 1529. Wote wawili walistaajabia ukubwa na utajiri wake. Fahari hiyo ilikoma mwaka wa 1565, majeshi ya masultani wa Deccan yalipoishinda dola hiyo katika vita vya Talikota. Mji uliporwa na kubomolewa, na haukukaliwa tena kama zamani.

Kilichosalia kingali cha ajabu. Katika hekalu la Vittala kuna gari la vita lililochongwa kwa mawe, ambalo picha yake imo katika noti ya rupia 50. Zipo pia nguzo 56 ambazo hutoa sauti kama ala za muziki zikigongwa, ingawa sasa wageni wamekatazwa kuzigusa ili zisiharibike. Hekalu la Virupaksha nalo halijawa gofu. Ibada hufanyika humo kila siku. Ndani yake kuna chumba chenye giza ambamo kivuli cha mnara wa lango huonekana ukutani kikiwa kichwa chini miguu juu. Si mazingaombwe: mwanga hupenya kwenye tundu dogo na kuipindua picha, kama ifanyavyo kamera.

Hampi iliorodheshwa na UNESCO mwaka wa 1986. Mwaka wa 1999 iliwekwa miongoni mwa turathi zilizo hatarini, kwa sababu ya daraja lililokuwa likijengwa ndani ya eneo hilo, na ikaondolewa humo mwaka wa 2006. Daraja lenyewe liliporomoka likiwa bado linajengwa mwaka wa 2009 na kuua wafanyakazi. Mnamo 2011, serikali ilibomoa nyumba na maduka ya watu walioishi kwa miaka mingi ndani ya vibaraza vya kale vya soko mbele ya hekalu la Virupaksha. Maafisa walisema wanalinda historia. Wakazi nao waliuliza kama historia ni ya mawe peke yake, ilhali wao ndio waliowauzia mahujaji maua, chai na malazi. Swali hilo halijapata jibu la kuwaridhisha wote.

Kwa anayenuia kuzuru, Hampi iko takriban kilomita 340 kutoka Bengaluru, na treni hufika Hosapete, mji ulio karibu nayo. Wakati mwafaka wa mahekalu ni Novemba hadi Februari, joto linapopungua. Wa maporomoko ni baada ya mvua. Msafiri kutoka Kenya hudaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Viatu huvuliwa mlangoni mwa hekalu, mavazi ya heshima huhitajika, na mgeni wa kigeni hutozwa kiingilio cha juu kuliko mwenyeji katika maeneo mengi ya kale.

Mtu akikaa siku tatu zaidi baada ya shughuli zilizompeleka Bengaluru, atarudi na mengi ya kusimulia. Atakuwa ameyaona maji yaliyoletwa na upepo uliopita pwani ya kwao, na mawe yaliyowashinda wavamizi. Lakini iwapo atakwenda Jog wakati wa kiangazi na kulikuta jabali limekauka, asirudi akilaumu safari. Na aulize maji yamekwenda wapi, yamemwashia nani taa, na ni nani aliyehamishwa ili taa hizo ziwake.