Kipimo cha ini kinachoweza kufika Kiwayu

Ini likianza kuota makovu halisemi. Ndani yake hamna neva za maumivu, na hata likiharibika sehemu kubwa, kilichobaki huendelea kufanya kazi ya lote. Mvuvi wa Kiwayu anaweza kushinda baharini kutwa, akavuta nyavu, akala na kulala vizuri, huku ini likikakamaa mwaka baada ya mwaka. Macho yakigeuka manjano, miguu ikivimba na tumbo likajaa maji, ugonjwa umeshafika mbali. Kijijini husemwa kuwa fulani amekufa kwa tumbo, na mambo huishia hapo, au jirani mmoja akaanza kutazamwa kwa jicho baya.

Kiwayu ni kisiwa chembamba cha Wabajuni, Lamu Mashariki, ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga. Hospitali ya Faza iko kisiwa cha Pate, na King Fahd iko Lamu mjini. Kote huko ni safari ya boti, na boti ni mafuta, na mafuta ni pesa. Mashine ambayo watafiti huitegemea kupima ukakamavu wa ini, FibroScan, husukuma mtikisiko mdogo ubavuni na kupima kasi ya wimbi lake: ini likiwa gumu, wimbi huenda mbio. Ni mashine nzuri lakini ghali, na si ya kungojewa kisiwani.

Kwa hiyo habari yenye maana kwa mahali kama Kiwayu ni ya hesabu fulani iliyotoka Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, mwaka 2003. Inaitwa APRI. Inahitaji vitu viwili vinavyopatikana katika maabara ya kawaida ya hospitali: kimeng'enya kiitwacho AST, na idadi ya chembe sahani, zile zinazogandisha damu mtu akijikata. AST hukaa ndani ya seli za ini. Seli zikiumia, huvuja na kuingia kwenye damu. Chembe sahani nazo hupungua kwa njia ya mzunguko. Makovu yanapolibana ini, damu inayotoka matumboni hukosa njia na kurudi nyuma kama maji ya mfereji ulioziba, wengu huvimba, na wengu uliovimba huzinasa chembe sahani kwa wingi.

Hesabu yenyewe haimshindi mtoto wa darasa la saba. Chukua AST ya mgonjwa, tuseme 48. Igawe kwa kiwango cha juu cha kawaida cha maabara ile, tuseme 40, unapata 1.2. Gawa tena kwa chembe sahani, tuseme 150 kwa kipimo cha maabara, kisha zidisha kwa 100. Jibu ni 0.8. Kikokotoo cha simu kinatosha.

Je, 0.8 ni nyingi au kidogo? Hapa ndipo utafiti wa Afrika ulipobadilisha mambo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 uliweka mstari wa sirosisi, yaani ini lililosinyaa kwa makovu, juu ya 2. Mstari huo ulitokana zaidi na wagonjwa wa nje ya bara hili. Mwaka 2023 kundi la watafiti liitwalo HEPSANET likachapisha uchambuzi wa wagonjwa 3,548 wa homa ya ini aina ya B kutoka nchi nane za Afrika kusini mwa Sahara. Kwa mstari ule wa 2, katika kila wagonjwa 100 ambao mashine ilionyesha wana sirosisi, APRI iliwanasa 16 au 17 tu. Waliobaki wangeambiwa hawajambo, warudi nyumbani. Machi 2024 mwongozo mpya wa Shirika hilo ukashusha mstari: APRI ikizidi 0.5 kwa mtu mwenye kirusi cha B, hiyo ni dalili ya makovu ya kutosha kuanzishiwa dawa. Mgonjwa wetu wa 0.8, ambaye jana alikuwa wa kurudishwa nyumbani, leo ni wa kutibiwa.

Mstari ukishuka, watakaonaswa bila sababu nao huongezeka, na pwani ina njia zake za kuidanganya hesabu hii. Malaria hupunguza chembe sahani, kwa hiyo mwenye homa apimwe malaria kwanza, atibiwe, ini lingoje. AST imo pia kwenye misuli. Aliyetoka kuvuta nyavu usiku kucha anaweza kuonekana ana ini bovu kumbe amechoka tu. Imo hata ndani ya chembe nyekundu, nazo zikipasuka kwa damu kucheleweshwa kwenye joto, AST hupanda ndani ya kichupa. Chembe sahani zenyewe zinataka kuhesabiwa ndani ya siku moja hivi. Upepo wa kusi ukiwa mkali na nahodha akakataa kuondoka, damu iliyokwama kisiwani ni ya kumwaga na kuchukuliwa upya. Naona afadhali mtaalamu wa maabara asafiri na mashine ndogo kuliko damu kusafirishwa. Safari Doctors, shirika la Lamu lililoanzishwa na Umra Omar, limekwisha kuonyesha kuwa huduma za afya zinaweza kupanda chombo zikavifikia vijiji vya mbali vya kaunti hii.

Nani apimwe? Kirusi cha B ndicho cha kuanza nacho, kwa kuwa kipimo chake cha haraka ni tone la damu ya kidole na dakika chache. Mtoto mchanga akiambukizwa, uwezekano wa kubaki nacho maisha ni kama asilimia 90. Mtu mzima ni chini ya 5. Kenya iliingiza chanjo yake katika chanjo za watoto mwaka 2001, hivyo waliozaliwa kabla ya hapo, wanaume na wanawake walio sasa katika umri wa kulea, wengi hawakuipata.

Swali moja halina gharama kabisa. Mwongozo wa 2024 unahesabu pia historia ya familia: mwenye kirusi ambaye nyumbani kwao kuna aliyekuwa na saratani ya ini au sirosisi anastahili dawa hata vipimo vingine visiposema kitu. Muuguzi akiuliza mjomba aliyekufa kwa tumbo alionekanaje siku zake za mwisho, jibu ni sehemu ya uchunguzi.

Muuguzi aulize pia kinacholiwa. Unga wa mahindi ulioota kuvu nao una sumu yake, aflatoksini, ambayo ikikutana na kirusi cha B huzidisha hatari ya saratani. Mwaka 2004 iliwapata watu 317 mashariki mwa Kenya na kuua 125. Na miraa? Utafiti uliofanywa Harar, Ethiopia, na kuchapishwa mwaka 2018 uliihusisha na ugonjwa sugu wa ini. Najua barazani wapo watakaonuna.

Dawa yenyewe, tenofovir, ni kidonge kimoja kwa siku, na mwaka 2024 bei yake ya chini kabisa duniani ilitajwa kuwa kama dola 2.4 kwa mwezi. Figo huangaliwa, na mara nyingi dawa hunywewa miaka na miaka. Tatizo ni mlango. Tenofovir hutumika pia kwa Ukimwi na imezoeleka katika kliniki zake, na katika kijiji ambako kila mtu anamjua kila mtu, atakayeonekana akitoka humo hatapewa nafasi ya kueleza kuwa yeye ni ini tu. Ingetolewa dirisha lile lile la vidonge vya presha na sukari, katika kopo lisilo na alama, pengine angerudi mwezi wa pili kuchukua nyingine.