Kisutu Kilichogeuka Cheusi

Picha ilitua kwenye kundi la ukoo usiku wa Ijumaa, na kabla ya alfajiri watu walikuwa wameshagawanyika. Mpwa wangu alikuwa ameichukua picha ya harusi ya mama yake bibi, ile ya ukubwa wa kiganja iliyolala sandukuni tangu miaka ya 1930, akaipitisha kwenye programu ya simu inayotia rangi picha za zamani, akaituma kwa furaha. Ukuta ulikuwa rangi ya maziwa, mkeka rangi ya asali. Na bibi harusi, aliyeketi katikati ameinamisha macho, alikuwa amejitanda nguo nyeusi tititi.

Shangazi hakuandika, alituma sauti. "Nani kamvika bibi yangu kaniki siku ya harusi yake?" Mama yake alikuwa amemsimulia mara chungu nzima: ilikuwa kisutu, nguo ya maharusi ya pwani, nyekundu, nyeusi na nyeupe. Jambo la pili lilimuuma zaidi. Bibi alikuwa maji ya kunde, na huyu wa kwenye picha amefanywa mweusi kuliko alivyoumbwa. Mpwa wangu akajitetea kwa adabu: "Shangazi, programu imefuata picha tu. Itazame ile ya asili, nguo ni nyeusi vilevile."

Wote wawili walikuwa wakisema kweli. Nimeshinda miaka mingi nikitazama picha za namna hii kwa lenzi ya kukuzia, na ugomvi kama huu nimeukuta katika nyumba nyingi. Chanzo chake ni kwamba picha tunaiuliza swali moja, "Nani huyu?", tukishapata jina tunaifunika. Hatuiulizi mwanga ulitoka wapi, mistari inaelekea wapi, wala kwa nini hapa pana giza na pale pana weupe. Ilhali picha nzima haina kitu kingine ndani yake isipokuwa hivyo.

Swali lina uzito kuliko tunavyodhani. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali kamili ni ndogo mno: nyoosha mkono, tazama ukucha wa kidole gumba, basi ndilo eneo lenyewe. Kwingine kote tunaona kwa ukungu, na jicho hulazimika kurukaruka, takriban mara tatu kwa sekunde, likiokota vipande. Mwanasayansi wa Kisovieti Alfred Yarbus, ambaye kitabu chake kilitoka kwa Kiingereza mwaka 1967, aliirekodi miruko hiyo kwa kubandika kikombe kidogo chenye kioo juu ya jicho la mtazamaji. Aliwaonyesha watu mchoro wa Ilya Repin wa mtu anayerejea nyumbani bila kutarajiwa. Alipowauliza umri wa waliomo, macho yao yalizunguka nyusoni. Alipowauliza hali ya mali ya familia ile, macho yalihamia kwenye samani na mavazi. Mchoro ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni swali, na njia ya jicho ikabadilika nalo.

Basi nikamwomba Shangazi asitazame uso kwanza. Tazama weusi, nikamwambia. Weusi wa nguo, wa midomo, wa mikono.

Mikono ndiyo iliyonipa jibu. Chini ya lenzi, maua ya vidoleni yalikuwa meusi kabisa, kama ya piko. Lakini katika ukoo wetu bibi harusi wa zamani hakupakwa piko, alipakwa hina, na hina ina wekundu wa udongo. Midomo nayo ilikuwa myeusi, na huyu hakuwa mtu wa kupaka chochote midomoni. Kila mahali ambapo pangepaswa kuwa na wekundu, palikuwa na giza. Mambo matatu yakienda upande mmoja namna hiyo, wa kuulizwa ni filamu.

Picha za zamani zilishikwa na chembe za chumvi ya madini ya fedha zilizopakwa juu ya kioo au mkanda. Mwanga ukiigonga chembe kwa nguvu ya kutosha, chembe hubadilika, na ikisafishwa kwa dawa hugeuka nyeusi. Hiyo ndiyo negativu, yenye weusi pale palipokuwa na mwanga, na kutokana nayo huchapwa picha, ambayo weupe hurudi mahali pake. Sasa, mwanga hauna nguvu sawa. Kila punje ya mwanga mwekundu hubeba nishati pungufu kwa karibu theluthi kuliko punje ya buluu, na nishati hiyo haitoshi kuigeuza chembe ya fedha. Wekundu unaingia kwenye kamera, unapita, na filamu haijui kama kuna kitu kimepita. Kwa filamu, chekundu na cheusi ni kitu kimoja.

Mwaka 1873 Hermann Wilhelm Vogel, mtaalamu wa kemia ya picha mjini Berlin, aligundua kwamba akichanganya rangi fulani kwenye chumvi zile, zinaanza kuona hata kijani. Filamu za namna hiyo ziliitwa othokromatiki: zinaona buluu na kijani, nyekundu bado hazioni. Sahani za kioo zinazoona rangi zote, pankromatiki, zilianza kuuzwa Uingereza mwaka 1906, lakini hazikuiondoa ile ya kwanza kwa haraka. Verichrome ya Kodak, mkanda uliopendwa na wapiga picha wengi wa kawaida, ilitoka mwaka 1931 ikiwa othokromatiki, na toleo lake linaloona nyekundu lilikuja 1956. Fundi wa picha naye alikuwa na sababu ya kuipenda othokromatiki. Aliisafisha chini ya taa nyekundu, akiiona picha inavyojitokeza polepole kwenye sinia, kwa kuwa taa ile haikuweza kuiharibu. Ya pankromatiki ilitaka giza totoro.

Jambo hili unaweza kulijaribu usiku wa leo. Zima taa, fungua kwenye simu ukurasa wa rangi ya buluu tupu, mulika kanga yenye nyekundu na nyeusi. Wekundu utazama. Mpaka kati ya nyekundu na nyeusi utafifia hadi kidole chako kishindwe kuufuata, na utabaki na weupe peke yake ukielea gizani. Hivyo ndivyo kamera ile ilivyomwona bibi harusi wetu.

Na uso? Ngozi ya binadamu, awe nani, hurudisha mwanga mwekundu mwingi kuliko wa buluu. Ngozi ya maji ya kunde inang'aa machoni petu hasa kwa wekundu ule. Uondoe, na uso unashuka vivuli kadhaa. Huo si uso wake. Ni uso wake ukiwa umenyimwa fungu moja la mwanga, na lililo kubwa kuliko yote. Nafikiri juu ya nyumba zote za pwani na bara ambamo picha moja ya aina hii ndiyo kumbukumbu pekee ya sura ya mzee, na wajukuu wamezoea kusema "alikuwa mweusi sana" kwa kuwa kipande cha mkanda hakikuona nyekundu. Inanihuzunisha, kwa sababu dawa yake ni kujua jambo moja tu la kemia. Kwa sababu iyo hiyo mbingu za picha za wakati ule ni nyeupe kama karatasi hata siku ya mawingu mazuri: buluu ya anga iliichoma filamu kuliko kitu kingine chochote.

Programu ya simu haikuwa na ujanja wa kuligundua hilo. Imefundishwa kwa picha nyingi kukisia rangi kutokana na kijivu, na palipo na giza ikakisia giza. Haikukosea hesabu. Habari ya wekundu haikuwahi kuingia kwenye filamu, na kisichoingia hakitoki.

Shangazi alipolisikia hili alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama ile picha nyingine ya wanaume nayo inaweza kusema kitu. Ilipigwa siku hiyo hiyo ya harusi, nje ya msikiti, mjini Mombasa. Tarehe haijulikani. Hata mwezi haujulikani.

Hii niliitazama siku nzima, na ningependa kuieleza polepole.

Wanaume saba wamesimama mbele ya ukuta wa chokaa. Nyuma yao ukuta umefura kidogo, tumbo la nusu duara lililojitokeza nje. Hilo ni tumbo la mihrabu. Na mihrabu huelekea kibla. Mombasa na Makkah ziko karibu kwenye mstari mmoja wa longitudo, tofauti yao haifiki robo ya nyuzi, kwa hiyo kibla cha Mombasa ni kaskazini, na ukuta wenye mihrabu ndio wa kaskazini wa msikiti. Mpiga picha aliyeuona kwa nje alisimama kaskazini akitazama kusini. Basi kushoto kwa picha ni mashariki, kulia ni magharibi, na mstari wa chini wa ukuta, pale unapokutana na ardhi, unakwenda mashariki na magharibi.

Mstari ule ndio niliouegemea katika kazi nzima. Si ajabu, kwa kuwa jicho hupenda mistari. David Hubel na Torsten Wiesel, walipokuwa wakisikiliza chembe za ubongo wa paka mwishoni mwa miaka ya 1950, walionyesha nukta za mwanga na giza kwa saa nyingi bila kupata jibu la maana. Kisha wakati wanasukuma kipande cha kioo kwenye mashine, ukingo wake ukatupa kivuli cha mstari, na chembe moja ikaanza kupiga mfululizo. Ilikuwa ikingoja mstari, tena wenye mwelekeo wake maalumu. Kwa kazi iliyofuata walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1981. Tunaanza kuona kwa kingo na mistari. Sura na majina huja baadaye.

Vivuli vya wanaume wale vimelala kushoto, sambamba na mstari wa ukuta, haviegemei ukutani wala haviji kwa mpiga picha. Kwa hiyo jua lilikuwa magharibi, na saa ilikuwa baada ya adhuhuri. Na kwa kuwa vivuli vimekata picha kwa upana, havikufupishwa na umbali, unaweza kuvipima kwa rula. Mwanamume wa pembeni, urefu wake kwenye karatasi ni sentimita 4. Kivuli chake ni sentimita 5.2.

Waliosoma fiqhi ya Shafii wataruka kwenye kiti hapa. Wakati wa sala ya alasiri huingia kivuli cha kitu kinapolingana na urefu wake, kikiongezwa kile kivuli kidogo cha adhuhuri. Kivuli cha sentimita 5.2 kwa mtu wa sentimita 4 maana yake jua lilikuwa limeshapita hapo kwa takriban dakika 20. Wanaume hawa wametoka kusali alasiri. Nikaha imefungwa, na mtu mwenye kamera anawaambia wasimame vizuri.

Mwezi nao? Hapo niliuuliza ukuta. Mwanga unaupapasa ubavuni, hauupigi usoni wala hauuachi gizani. Kila kifundo cha chokaa kimezaa kivuli chake chembamba, kila pigo la mwiko linaonekana. Mwanga wa namna hiyo kwenye ukuta unaotazama kaskazini hupatikana jua linapokwenda magharibi hasa. Mwezi wa Juni jua liko kaskazini, ukuta ungewaka wote. Desemba liko kusini, ungekuwa kivulini. Inabaki miezi ambayo jua linavuka ikweta: Machi au Septemba. Nimetazama picha nyingi maishani mwangu, na sijui nyingine ambayo ukuta wake mkavu umenifanya nivute pumzi kama huu.

Kati ya Machi na Septemba, mwanga hauwezi kuamua. Nikamtumia Shangazi sura ya mtu wa tatu kutoka kulia, mwenye kilemba na joho, ambaye hakuna kijana aliyemtambua. Sauti yake ilirudi baada ya dakika mbili: "Huyo ni nahodha wa Sur, rafiki yake babu. Alikuwa akishukia nyumbani kwetu kila mwaka." Majahazi ya Omani, ya Sur yakiwemo, yalikuja na upepo wa kaskazi, na yalirudi kusi ilipoanza kuvuma, mwezi wa Aprili. Septemba nahodha yuko kwao. Machi yuko Mombasa, anangoja upepo.

Jumapili tulikutana kwa Shangazi. Mpwa wangu alikuja na kompyuta, akitaka kurudisha wekundu kwa mkono, lakini kila alipokuza picha alikwama palepale: wekundu unaishia wapi na weusi unaanzia wapi? Shangazi aliinuka, akafungua sanduku, akatoa kisutu chake mwenyewe, cha harusi yake, kinanuka udi bado. Akakitandaza mezani kando ya picha. Alama nyeupe za nguo zilikuwa zile zile kwenye picha na mezani, kwa sababu weupe ndio pekee ambao filamu iliuhifadhi sawasawa. Akaweka kidole kwenye alama moja nyeupe ya pichani, kidole kingine kwenye ndugu yake mezani, akaanza kuhesabu kutoka hapo kwenda pindoni, akimwambia kijana: hapa nyekundu, hapa nyekundu, hapa nyeusi, hapa nyekundu.