Aya Moja au Kitabu Kizima: Kuisoma Shujaa Okonkwo Mlimani Kilimanjaro

Riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, ambayo Clement Ndulute aliitafsiri kwa Kiswahili kwa jina la Shujaa Okonkwo, inamalizikia kwenye mawazo ya mkuu wa wilaya wa Kiingereza. Okonkwo amejinyonga na hajazikwa. Mkuu huyo anafikiria kitabu atakachoandika na kuona kwamba habari za marehemu zinatosha aya moja. Kejeli hiyo husomwa kama hukumu juu ya maandishi yote ya kikoloni. Ikisomwa Kilimanjaro, hukumu hiyo inahitaji kurekebishwa.

Umuofia haina mfalme. Mambo huamuliwa na wazee na mkutano wa wanaume. Uchagani kila himaya ilikuwa na mangi wake, na Wajerumani walipenya kupitia uhasama wa mamangi. Marealle wa Marangu alishirikiana nao. Sina wa Kibosho alishindwa mwaka 1891. Meli wa Old Moshi aliwashinda mwaka 1892, akashindwa mwaka uliofuata, na tarehe 2 Machi 1900 akanyongwa pamoja na viongozi wenzake. Okonkwo alijiua mwenyewe. Meli aliuawa kwa amri ya serikali. Kwa hiyo kilichovunjika mlimani kilivunjika penye nyufa za zamani.

Wakoloni wa Kilimanjaro, tofauti na yule wa riwayani, hawakuridhika na aya. Charles Dundas, ofisa wa Kiingereza, alichapisha Kilimanjaro and Its People mwaka 1924. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig aliyeishi Old Moshi, aliandika kwa Kijerumani juu ya sheria za Wachagga na kuutetea ukoo, jambo ambalo mchungaji Smith wa Achebe asingelivumilia. Hata hivyo, wote wawili waliwaandikia wasomaji wa mbali.

Mwaka 1947, miaka 11 kabla ya riwaya ya Achebe, Petro Itosi Marealle alitoa Maisha ya Mchagga Hapa Duniani na Ahera, kwa Kiswahili. Anayeelezwa sasa ndiye anayeeleza. Lakini hapa ndipo ulinganisho unapokuwa mgumu: mwandishi ni mangi wa Marangu, wa ukoo ulionufaika na ushirika na Wajerumani. Old Moshi, iliyopoteza zaidi, ilibaki na masimulizi ya mdomo. Kwa mujibu wa masimulizi hayo, kichwa cha Meli kilipelekwa Ujerumani, na uzao wake umekuwa ukikitafuta kwa miongo kadhaa.