Kambare Hajalala, Umetega Pabaya

Kila ukiingia mwezi wa Juni, maji ya Kilombero yakirudi mtoni na watu wakiamka na makoti, swali ni lile lile: "Bwana Samaki, kuna dawa gani ya kuwaamsha kambare?" Hakuna. Wala haihitajiki, kwa sababu kambare hajalala.

Samaki anayesimuliwa kila kijiweni, yule anayejichimbia topeni akasubiri mvua, ni kamongo. Huyo ana mapafu, na ukame ukimbana hutoa ute ukakauka na kumfunika mwili mzima, akabaki na kitundu cha kupumulia. Kambare hana mapafu na hajui kazi hiyo. Alichonacho ni kiungo chekundu juu ya matamvua, chenye matawi mithili ya kipande cha tumbawe, cha kuvutia hewa. Pasua kichwa chake jikoni utakiona. Kinamwezesha kuvumilia tope bichi kwa muda, au kujiburuza usiku nyasini hadi dimbwi jingine. Tope likikauka kabisa, anakufa. Sasa hapo usingizi uko wapi?

Baridi inamfanyia jambo moja tu. Joto la mwili wake ni lile la maji, kwa hiyo maji yakipoa tumbo husaga taratibu na njaa huchelewa. Hustawi kwenye nyuzi 25 hadi 30 za selsiasi. Chini ya 20 hula kwa kusuasua, na mfugaji wa Njombe hilo analijua kila Julai. Lakini huku kwetu Ifakara hakuna baridi ya Njombe! Na samaki huyu huyu yupo mpaka Mto Orange, Afrika Kusini, ambako kipupwe huja na sakitu, na kizazi chake hakijakatika kwa kukosa mtu wa kumwamsha.

Kile kichupa cha dawa ulichouziwa mnadani, basi? Kama ni mafuta ya samaki kitasaidia, kwa sababu ni mafuta ya samaki. Kama ni mizizi ya kusaga, umenunua mizizi. Kama ni utupa, hiyo ni sumu: Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inakataza kuvua kwa sumu, na sumu hiyo inaua hadi vifaranga ambao ungewavua mwakani. Nimechoka kulirudia hili.

Kilichobadilika ni mahali. Wakati wa masika kambare alikuwa kwenye mbuga iliyofurika, akijilia wadudu na vyura majanini. Sasa maji yameufuata mto naye ameyafuata maji, yuko vilindini, na wewe bado unatega pale pale, maji ya magoti.

Haya, nenda kwenye kona ya mto, upande ambao maji yanakula ukingo. Ndiko kwenye kina. Mshipi mkuu ufunge mawe ulale chini, ndoano zining'inie kwenye vijikamba vifupi. Tega jua likizama, kagua alfajiri, maana huyu huwinda usiku, kwa harufu na kwa ndevu zake 8. Chambo kinuke: utumbo wa kuku, dagaa, minyoo, hata kipande cha sabuni ya mche, ambayo wavuvi wa migonzo, yaani mishipi ya namna hii, Ziwa Victoria wanaitumia kwa sababu ya mafuta yake, si kwa uchawi. Weka kidogo, asiye na njaa hamezi donge. Usivushe mshipi ng'ambo hadi ng'ambo, mitumbwi inapita. Kagua ukiwa ndani ya mtumbwi, usiingie majini: kipupwe mamba nao wamehamia vilindi hivyo hivyo. Na ukishampandisha, usimkamate ubavuni. Mwiba wa pezi la kifuani una meno, unachana kiganja. Tia gunia mkononi, umbane nyuma ya kichwa, ndipo utoe ndoano.