Redio, Mpaka na Kiswahili cha Katanga

Mji wa Likasi, ulioitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ulikua kwa sababu ya shaba. Migodi na viwanda vya kampuni ya Union Minière viliwakusanya watu wa makabila mengi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Lahaja hiyo ina sura yake: watu huitwa bantu, watoto batoto, na neno iko hufanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na ni. Waliozoea Kiswahili sanifu mara nyingi wamekiona kuwa ni Kiswahili kilichoharibika. Hata hivyo, kilipata kusikika na kupendwa mbali na Katanga, na chombo kilichokivusha mpaka kilikuwa muziki wa redio.

Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi mjini humo kijana Jean-Bosco Mwenda, mzaliwa wa Bunkeya, aliyeimba huku akipiga gitaa peke yake kwa dole gumba na kidole cha shahada. Wimbo wake "Masanga" ulitolewa katika santuri ya Gallotone. Santuri za wakati huo zilibeba takriban dakika tatu kila upande, kipimo kilichofaa sana vipindi vya redio.

Utangazaji wa eneo hilo ulikuwa umekwisha kuzoea kuvuka mipaka. Kituo cha Lusaka, kilichoanza mwaka 1941, kilitangaza kwa lugha za Waafrika, na mwaka 1949 ililetwa redio ndogo ya betri iliyouzwa paundi 5. Mawimbi hayasimami forodhani: Kibemba cha Lusaka kilieleweka pia kusini mwa Katanga. Muundo wa vipindi ulitegemea lugha ya msikilizaji, na nyimbo zilichaguliwa ili zisikilizwe maneno yake.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Mwenda alikwenda Nairobi na kupiga katika vipindi vya redio vilivyoitangaza dawa ya Aspro. Hapo muziki uliingia katika mkondo wa biashara, lakini lugha haikupoteza nafasi yake, kwa kuwa tangazo lisiloeleweka haliuzi dawa. Mwimbaji wa Katanga aliwafikia Wakenya bila mkalimani.

Badiliko kubwa zaidi lilitoka Léopoldville. Kampuni za santuri za Ngoma, Opika na Loningisa, pamoja na bendi kama African Jazz na OK Jazz, zilieneza rumba iliyoimbwa hasa kwa Kilingala. Redio za Afrika Mashariki ziliipokea kwa wingi. Wimbo wa kusikilizwa ukaupisha wimbo wa kuchezwa, na msikilizaji asiyeelewa maneno hakuona hasara, maadamu magitaa na midundo vilimtosha. Hivyo, kwa wengi, muziki wa Kongo ukawa ni Kilingala, na sauti ya Likasi ikafifia. Baadaye bendi zilizohamia Nairobi, kama Super Mazembe, ziliimba kwa Kiswahili pia, lakini katika muundo wa rumba.

Machi 1980 Sauti ya Kenya iliagiza kwamba asilimia 75 ya muziki wake uwe wa Kenya. Agizo hilo halikudumu. Funzo lake kwa mwanaisimu ni kwamba kipimo kilikuwa uraia, wala si lugha. Kwa kipimo hicho, wimbo wa Kiswahili kutoka Katanga ni mgeni, na wimbo wa Kiingereza ulioimbwa na Mkenya ni mwenyeji.

Mwenda alifariki mwaka 1990 katika ajali ya gari nchini Zambia. Santuri zake kwa kawaida hujadiliwa kama historia ya gitaa. Zinastahili pia kusomwa kama matini za Kiswahili, kwa kuwa zimehifadhi matamshi na sarufi ya wafanyakazi wa migodini katika kipindi ambacho maandishi ya lahaja yao yalikuwa haba. Kuziacha nje ya mitaala ni kurudia uamuzi wa waliopanga vipindi vya redio, kwamba Kiswahili hicho hakina msikilizaji.